Majongoo Waliokonda

Machi 3

Mvua zimeanza leo asubuhi, na Bi Mkuu hakungoja hata nikaushe viatu. Aliniita ofisini akanionyesha tangi langu kupitia dirisha lake la ndani, kama mtu anayeonyesha doa kwenye shuka.

"Majongoo wako wamekonda," akasema.

"Nimewaona."

"Mwisho wa mvua wakaguzi wanakuja. Wakiwakuta hivi, hao wanarudishwa baharini na tangi anapewa mwenzako wa samaki wa mapambo. Wewe nitakutafutia kazi stoo."

Nilitaka kumjibu, nikaona nitoke tu. Bi Mkuu si msemaji sana, na akisema amesema. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nikishinda nitajisomea kwa raha zangu, na nikishindwa watu wajue sikukaa nimekunja mikono.

Tangi lenyewe ndilo kubwa kuliko yote hapa kituoni, tunakofuga viumbe wa bahari. Chini lina mchanga, na kwenye mchanga wanaishi wanyama wa sakafu ya bahari: kaa, konokono, viti vya pweza wenye mikono mitano, minyoo wanaojijengea mirija, na majongoo bahari, wale laini walio kama matango, ambao ndio sababu ya yote haya. Huko nje wamevuliwa mpaka wamekwisha. Sisi tuliahidi kuwazalisha humu ndani na kuwarudisha watoto wao baharini, na mpaka leo hakuna aliyetaga hata yai moja. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema. Lakini mimi si maskini, mimi nina shahada mbili na kiburi cha kutosha watu watano.

Machi 5

Nimewapima wote. Wadogo wako vilevile. Wakubwa wamepungua tena.

Machi 8

Mchawi wangu nimempata. Ni fundi wa maji.

Huyu bwana tunamwita Kioo, kwa sababu haridhiki mpaka maji yaonekane kama hayapo. Kila asubuhi anaingia na mpira wake mrefu wa kunyonya uchafu, anapitisha juu ya mchanga wote taratibu, na akimaliza anarudi nyuma hatua mbili kujisifu kimyakimya. Nina hakika anatia dawa. Maji hayawezi kuwa meupe vile kwa mpira peke yake.

Nikamfuata. "Umetia dawa gani humu?"

"Dawa? Dada yangu, haya maji hata kichanga ungemwogesha."

"Kichanga sina. Nina majongoo, na wanakufa."

"Hawafi, wanakonda. Hata mimi nimekonda na hakuna aliyeniita ofisini."

Watu wote wa chumba cha pampu wakacheka. Nimeondoka na hasira mpaka masikio yanawaka.

Machi 9

Mvua. Sijamsemesha.

Machi 12

Nimeongeza chakula. Kanuni niliyofundishwa ni nyepesi: mpime mnyama, umkatie kwa uzito wake, mkubwa apate kikubwa. Majongoo ndio wazito kuliko wote, basi fungu lao nimelifanya mara mbili. Vipande vya samaki na mwani nimewawekea mbele ya pua, kama wangekuwa na pua.

Machi 17

Kaa wamenenepa. Konokono wamenenepa. Majongoo, hola.

Mama naye hanipi pumzi. Tunaishi wawili, yeye na cherehani yake sebuleni, mimi na harufu yangu ya bahari. Leo nimerudi nimelowa, akanitazama juu ya miwani bila kusimamisha mguu.

"Umesoma mpaka macho yakaingia ndani, uje kulea minyoo."

"Si minyoo, Mama."

"Ana mifupa?"

"Hana."

"Ana macho?"

"Hana."

"Basi ni mnyoo," akasema, akakata uzi kwa meno.

Machi 20

Leo nilikuwa nakoroga chai, mara akili ikafunguka. Nimejiona mjinga wa mwisho.

Maji yakiwa mabaya, wanaotangulia kuumia ni wadogo. Ngozi yao ni nyembamba na mwilini hawana akiba. Hapa wadogo ni wazima, wakubwa ndio wanaoyeyuka. Nimeliandika mwenyewe humu tarehe tano na sikuliona. Kwa hiyo hakuna dawa, na Kioo si mchawi. Hii ni njaa.

Lakini njaa gani, na chakula kimejaa? Sasa nataka kujua nani anakula nini, na njia ya uhakika ninayoijua ni moja: kinachoingia kwa mdomo hutokea upande wa pili. Nimenunua rangi nyekundu ya keki, nikaichanganya na chakula chote. Nimemwomba Mama anishonee vifuko vidogo vya kitambaa chembamba cha pazia. Hakuuliza vya nini, na mimi sikusema.

Machi 24

Siku tatu nimekuwa nikikusanya mavi. Nayaokota na kijiko kirefu, ya kila mnyama nayatia kwenye kifuko chake, nayasafisha, nayatandaza juu ya karatasi nyeupe. Kituo kizima kimeshanipa jina, Mama Mavi. Yule mwenzangu wa samaki wa mapambo akipita karibu nami anajiziba pua kwa adabu. Mwache azibe.

Majibu haya hapa. Ya kaa ni mekundu. Ya konokono ni mekundu. Hata minyoo wa kwenye mirija, waliodaka chembe zilizopeperuka, wana wekundu kidogo. Ya majongoo ni meupe, mchanga mtupu, kamba baada ya kamba ya mchanga msafi kabisa. Wamekula usiku na mchana na hawakupata kitu.

Nikavuta stuli nikakaa mbele ya kioo tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, bila kalamu, kuangalia tu. Nikaweka vipande. Kaa mkubwa alifika kabla havijatua, akavibeba viwili akaenda navyo pembeni. Konokono walitoa vijikonga vyao, wakanusa maji, wakaja polepole kutoka kila upande mpaka wakavifunika vilivyobaki. Minyoo hawakutoka nyumbani, walifungua manyoya yao wakangoja cha kupita. Na jongoo wangu mkubwa, mzito kuliko hao wote, alipita karibu kabisa na kipande cha samaki kama vile ni jiwe. Hakukifuata, hakukinusa. Aliendelea kutia mchanga mdomoni, kushoto, kulia, kushoto, akitafuta utando mwembamba wa kahawia unaoota juu yake. Huyu hakifuati chakula wala hakingoji. Anakula sakafu anayoitembelea.

Na ile sakafu tunaiosha kila asubuhi.

Wadogo wanapona kwa sababu tumbo dogo linatosheka na ukoko ulioko kwenye kona, mpira usikofika. Mkubwa wa mdomo uleule anahitaji uwanja mzima wenye utando, na hapa uwanja ni sahani iliyooshwa. Mimi nilikuwa napima miili, nikasahau kuangalia midomo. Na amri ya kunyonya mchanga kila siku haikutoka kwa Kioo. Nilimpa mimi, juma langu la kwanza kazini, tena kwa sauti ya juu.

Nimefurahi sana leo. Nimejua. Aibu nitaishughulikia kesho.

Machi 25

Nimemkuta Kioo amelala chali chini ya pampu. Nikazungumza na miguu yake, ilikuwa rahisi zaidi.

"Nilikusingizia," nikasema.

"Najua."

"Maji yako hayana neno."

"Hilo nalo najua."

"Sasa nataka uache kuyasafisha."

Akatoka chini ya pampu haraka mpaka akajigonga paji la uso. Nilimweleza yote: mavi, rangi, utando. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema hapana. Alisema amefanya kazi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi na hajawahi kuacha tangi lake liwe bwawa la bata. Tumezozana mpaka mvua ikakatika na kuanza tena. Mwisho amekubali shingo upande: mpira upumzike, lakini ikiharibika, nisimtaje.

Machi 26

Mama amejua vifuko ni vya nini. Muuza rangi ya keki, aliyeniuliza naifanyia nini, amemwambia.

"Nimeshona mishono midogo mpaka macho yananiuma," alisema, "kumbe nashonea mavi."

"Mishono yako ndiyo iliyotuokoa, Mama."

Baada ya chakula aliniuliza kama vinatosha au aongeze vingine.

Aprili 2

Utaratibu mpya. Kaa na konokono nawapa vipande kwanza, kwenye kona moja, washibe watulie. Halafu nasaga mwani mkavu mpaka uwe unga, nauchanganya na tope laini, naunyunyiza juu ya mchanga wote. Maji yamekuwa rangi ya chai. Kioo akipita anageuza uso.

Aprili 7

Mavi ya majongoo yamekuwa ya kahawia. Nimecheka peke yangu na kijiko mkononi.

Aprili 9

Wameacha kupungua. Mvua kubwa.

Aprili 15

Niandike hata kama mkono hautaki.

Nilipofika asubuhi nilikutana na harufu mlangoni, ya mayai yaliyooza. Majongoo walikuwa wamepanda kwenye kuta za kioo, wamejibana juu kabisa, wanaukimbia mchanga. Nikaingiza mkono, nikachimba kidogo kwa kidole. Chini ya ile tabaka ya kahawia mchanga wote ulikuwa mweusi ti. Nilikuwa nimewajazia tope kupita kiasi. Chakula wasichokimaliza kimeozea chini mahali hewa haifiki, na kimegeuka sumu.

Yule mkubwa, niliyemtazama asubuhi ile nzima, hakuwa kwenye kioo. Alikuwa amelala pale pale katikati, ngozi imeanza kulegea. Nilimtoa kwa mikono miwili. Amekufa.

Nimekaa chini kwenye sakafu yenye maji nikalia, tena kwa sauti. Mtu mzima na shahada zake analilia jongoo. Nilifikiri Kioo atakuja kusema si nilikwambia. Nilikuwa tayari nimeshapanga matusi ya kumjibu.

Alikuja. Akanusa, akamtazama yule maiti kwenye beseni, akavua viatu, akaingia ndani ya tangi na suruali yake. Akachukua mchanga mweusi kiganjani akaukoroga kwa kidole gumba.

"Chakula chako hakina kosa," akasema. "Kosa ni kwamba chini hakuna pumzi. Wewe umewawekea meza, ukaziba dirisha."

"Basi turudi kwenye mpira. Nimeshindwa."

"Nani kasema umeshindwa? Hawa wamekula juma zima, nimewaona. Unadhani sitazami?" Akatoka, maji yanamchuruzika. "Wewe unajua matumbo, mimi najua maji. Tugawane kazi, ugomvi tutaumalizia mbele ya safari."

Tumewahamishia majongoo waliobaki kwenye mabeseni. Kuanzia hapo hadi giza Kioo amekata mabomba, ameyatoboa matundu madogo kama chujio, ameyapanga chini kabisa ya tangi na kuyafukia mchanga mpya juu yake. Maji sasa yanapanda kutoka chini, taratibu sana, hata unga hautikisiki. Sikujua pampu inaweza kubembelezwa hivyo. Bi Mkuu alisimama mlangoni akatutazama tulivyo matope hadi nyusi, akaenda zake.

Aprili 16

Wamerudi tangini. Nimepunguza unga nusu, nawapa kidogo kidogo mara nyingi. Sijala tangu jana. Mama ameniletea chakula mpaka getini, na mwavuli.

Aprili 20

Mchanga hauna harufu. Wameshuka wote kwenye kioo, wanakula.

Mei 1

Wameongezeka uzito. Nimepima mara mbili, maana mizani ninayo na akili timamu pia ninayo, na vyote vimekubaliana. Wakubwa ndio wanaoongezeka haraka zaidi. Nimemwita Kioo aje asome mwenyewe. Akasoma, akajikuna kidevu, akasema bomba la tatu linastahili sifa ya pekee. Nikamwambia tutalipigia makofi.

Mei 6

Wamenona. Ukimshika mmoja unahisi uzito wa mkate mbichi kabla haujaokwa. Mvua zimeanza kuchoka.

Mei 13

Bi Mkuu ameniita. Wakaguzi ni juma lijalo.

"Nimeona takwimu zako," akasema. "Ni nzuri. Lakini wageni hawaoni takwimu, wanaona maji. Lile tangi linatia aibu. Nataka lisafishwe siku moja kabla."

"Likisafishwa nimewanyang'anya chakula."

"Siku moja tu."

"Bi Mkuu, wale hawali mara tatu kwa siku kama sisi wenye bahati. Wanakula muda wote, kwa sababu kila punje ya mchanga ina chakula kidogo sana. Na ukikoroga ile sakafu leo, itachukua majuma kuota tena. Kama kuna aibu, niachie mimi niibebe."

Uso niliukaza. Akasema, "Haya. Utaibeba mwenyewe." Nikatoka nikiwa sina hakika kama nimeshinda au nimejichimbia kaburi.

Nilimwambia Mama. Akasema mficha uchi hazai, wakaguzi waje wayaone matope. Amenipigia pasi koti jeupe.

Mei 18

Mvua zimekwisha. Jua la kwanza kali tangu Machi. Silali vizuri.

Mei 19

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia mwanzo, polepole, nisije nikaharibu.

Wakaguzi walikuwa watatu, na aliyekuwa akisema ni bwana mmoja mrefu mwenye leso. Walianzia kwa samaki wa mapambo, wakafurahi, wakapiga picha. Walifika kwangu saa nane na nusu mchana. Jua lilikuwa limelipiga paa tangu asubuhi na maji yalikuwa yamepata uvuguvugu. Nilikuwa nimetoka kunyunyiza unga wa mwani, mwingi kidogo kuliko kawaida, nataka wawaone wakila. Tangi lilionekana kama beseni la kuoshea miguu.

Bwana wa leso akaipeleka leso puani, ingawa harufu haikuwapo. "Huyu mhusika wa usafi yuko wapi?" akauliza.

Kioo akasogea mbele. "Ni mimi. Na hili ndilo tangi safi kuliko yote humu ndani. Usafi wake uko chini."

Nilitaka kumkumbatia. Bwana akaandika kitu na sura haikuwa nzuri. Bi Mkuu alikuwa anaangalia sakafu. Nikaanza kueleza, kaa hivi, konokono vile, jongoo mkubwa na mdomo wake, na nikaona macho yao yameshaondoka kwenda mlangoni. Nikajua stoo inaniita.

Ndipo mmoja akasimama. Jongoo mmoja, wa nyuma, alianza kuinua kichwa kutoka mchangani. Akainuka mpaka nusu ya mwili, akabaki wima, akaanza kuyumba huku na huku kwa starehe zake. Nikaacha sentensi katikati. Nilikuwa nimeyasoma haya vitabuni tu. Kutoka karibu na kichwa chake ukatoka uzi mweupe, mwembamba, ukapanda ndani ya maji na kutawanyika.

"Anaumwa?" akauliza bwana wa leso.

"Ni dume," nikasema, na sauti yangu siijui ilitoka wapi. "Anamwaga mbegu. Shibe na uvuguvugu wa leo vimemwamsha."

Akainuka wa pili, na wa tatu. Muda si muda sakafu nzima ilikuwa imesimama, wote wanayumba, weupe unapanda kila mahali. Kisha jike mmoja, mnene kuliko wote, akajikunja, akatulia, akajinyoosha kwa nguvu, na mayai yakaruka kwa mkupuo mmoja. Maelfu. Unga wa manjano ndani ya maji yale yale ya rangi ya chai.

Nikapiga kelele, "Pampu!" Lakini Kioo alikuwa ameshafika kwenye swichi. Mtu yule ambaye hajawahi kuyaacha maji yatulie alizima kila kitu ili yai lolote lisinyonywe, kisha akawatoa kaa kwa mikono mitupu, mmoja mmoja, wanambana vidole na yeye anacheka. Bi Mkuu akavua viatu. Ndiyo, Bi Mkuu. Akapanda ngazi na ndoo, akaanza kuteka mayai nami, mikono ya gauni imelowa hadi mabegani. Mkaguzi mmoja akaomba ndoo. Bwana wa leso akatumia leso yake kuufunika mdomo wa beseni letu la mayai mavumbi yasiingie.

Walipokuwa wanaondoka Bi Mkuu alikuwa bado pekupeku. Bwana akamwambia tangi libaki, na liongezwe jingine la namna hiyo hiyo. Bi Mkuu akanigeukia. "Uliniambia utabeba aibu," akasema. "Sasa sijui sifa hii tuigawe vipi." Nikamwambia sigawi, ni yangu yote, ila robo ya Kioo. Akacheka. Sikujua ana mwanya.

Nimefika nyumbani nimevimba kichwa hadi mlango haunitoshi, na sioni haya. Mama ameacha cherehani kusikiliza.

Mei 20

Mayai yamekuwa mabuu. Yanaogelea. Hayajala kitu, hayana mdomo bado.

Mei 21

Sasa mdomo wanao, nimeuona kwa hadubini. Hapa ndipo wengi hufia. Wanyama hawa wameanza maisha wakiwa wadogo kuliko punje ya mchanga ambao wazazi wao wanaumeza, na hawana sakafu ya kutembelea. Wanaelea. Chakula chao lazima kiwe kidogo kuliko wao, kielee pamoja nao, wakivute kwa vinyweleo. Jongoo yuleyule, lakini kwa umbo hili ni mlaji mwingine kabisa. Nimewapa matone machache ya mwani wa kijani ule usioonekana kwa macho.

Asubuhi hakuna kitu. Saa sita hakuna kitu. Kioo ameshinda amesimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni. Bi Mkuu amekuja mara tatu akisingizia kutafuta kalamu.

Saa kumi nimeweka tone jingine chini ya hadubini. Buu mmoja amepita katikati ya mwanga, mwangavu, unaona ndani hadi nje. Katikati ya mwili wake palikuwa na nukta ya kijani. Nikangoja apite wa pili. Naye anayo. Wa tatu, wa nne, wote wanayo.

Nimesogea pembeni Kioo aangalie, na nimemwambia Bi Mkuu aache kutafuta kalamu, aje naye aone. Wamekula.